Mkono, Tarakimu na Umbo: Tafakuri Juu ya Sanamu za Jiometri Zitengenezwazo kwa Kompyuta

Kila zana mpya inapoingia katika karakana ya msanii huzusha swali la zamani: je, kazi iliyotengenezwa kwa zana hiyo ni ya msanii, au ni ya zana? Wachoraji waliulizana hivyo kamera ilipozuliwa. Leo swali hilo linaulizwa juu ya sanamu zinazokatwa, kuchapwa au kusubiwa kwa kufuata tarakimu zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta. Linaulizwa kwa ukali zaidi juu ya sanamu za kidhahania, yaani zile zisizoiga sura ya mtu, mnyama wala kitu chochote, bali zinazojengwa kwa duara, pembe, msokoto na tundu. Sanamu ya mtu hata ikichongwa vibaya husaidiwa na sura ya mtu. Sanamu ya kidhahania haina msaada huo; ina umbo lake tu, na umbo hilo ndilo litakaloitetea au kuihukumu.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni la Wamarekani na Wazungu, wala halina nafasi katika mkusanyiko wa makala juu ya utamaduni wa taifa letu. Hatukubaliani nao. Taifa ambalo jina lake limepelekwa ulimwenguni na wachongaji wake haliwezi kunyamaza wakati maana yenyewe ya kuchonga inabadilika. Lakini pia si haki kulihukumu jambo kabla ya kulitazama. Kwa hiyo katika makala haya tutazitazama kwanza kazi zenyewe huko zilikozaliwa, tuzipime kwa ubora na kwa kasoro zake, ndipo tujiulize zina somo gani kwa uchongaji wa kwetu. Hoja tutakayoitetea ni hii: mashine haimnyang'anyi mchongaji kazi yake, bali huihamisha. Huitoa katika kukata na kuiweka katika kuchagua. Na yule asiyejua kuchagua, mashine haimfichi, humfichua.

ZANA ZENYEWE

Zana tunazozizungumzia ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni zile za kupunguza. Hizi hukata gogo, jiwe au chuma kama inavyokata patasi, isipokuwa mwendo wa kinoo chake huongozwa na tarakimu badala ya mkono. Mashine ya kwanza ya aina hii ilionyeshwa mwaka 1952 katika chuo cha MIT, nchini Marekani, na haikukusudiwa wasanii, bali viwanda vya kutengeneza vipande vya ndege. Namna ya pili ni zile za kuongeza. Mwaka 1984 Charles Hull aliomba hataza ya mashine inayogandisha utomvu kwa mwanga, tabaka baada ya tabaka, mpaka kitu kizima kinatokea. Mwaka 1989 Scott Crump aliomba hataza ya njia nyingine, ambayo huyeyusha uzi wa plastiki na kuulaza mstari juu ya mstari. Aliyewahi kumwona mfinyanzi akijenga chungu kwa kuzungusha kamba za udongo, duara juu ya duara, ameiona kanuni ya mashine hiyo. Baadhi ya hataza hizo zilipomalizika muda wake, hasa mwaka 2009, mashine za kuchapa ziliteremka bei, zikaanza kuingia katika shule na karakana ndogo.

Tofauti ya zana hizi na za zamani haiko katika kasi peke yake. Patasi haina budi kupata njia ya kuingilia, na mkono uliyoishika hauna budi kupata nafasi ya kuigeuza. Kwa hiyo yako maumbo ambayo mchongaji wa zamani aliweza kuyawaza lakini hakuweza kuyafikia: tundu lililo ndani ya tundu, utepe unaopita chini yake wenyewe mara nyingi, kimia kilichofungwa ndani ya kimia. Mashine ya kuongeza haina shida hiyo, kwa kuwa huanza chini na kupanda, na kila sehemu ya ndani huwa wazi kabla haijafunikwa. Mlango mpana umefunguliwa. Swali la mhakiki ni nani ameingia humo, na ametoka na nini.

MBAO ZA COLLINS NA MASWALI YA SÉQUIN

Tuanze na Brent Collins, mchongaji wa mbao wa jimbo la Missouri. Ni mfano mzuri kwa sababu Collins hakuanza na kompyuta. Alianza na mbao, msasa na jicho lake. Kwa miaka mingi alichonga maumbo yaliyopinda pande mbili kwa wakati mmoja, kama tandiko la farasi ambalo hupanda mbele na nyuma huku likishuka kushoto na kulia. Aliyapata maumbo hayo kwa hisia, si kwa hesabu.

Wanahisabati walipoziona kazi zake walishangaa, kwani waliyatambua maumbo hayo. Ukitumbukiza pete ya waya katika maji ya sabuni na kuitoa, utando unaobaki ndani yake hujivuta mpaka eneo lake liwe dogo kadiri inavyowezekana. Waya ukipindwa, utando nao hupinda, na aghalabu hupinda kama tandiko. Mjerumani Heinrich Scherk alieleza mwaka 1834 utando wa aina hiyo ambao waweza kutazamwa kama mnara usio na mwisho: tundu juu ya tundu, na kati ya tundu na tundu tandiko, kila ghorofa ikiwa imegeuzwa robo duara kuliko ile iliyo chini yake. Collins, bila ya kumfuata Scherk, alichonga sanamu aliyoiita *Hyperbolic Hexagon*. Ni kana kwamba ameuchukua mnara huo wenye ghorofa sita, akaupinda, akaziunganisha ncha zake mbili ukawa pete.

Hapo ndipo alipotokea Carlo Séquin, mzaliwa wa Uswisi na mwalimu wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katikati ya miaka ya 1990 alianza kuzungumza na Collins kwa simu. Mazungumzo yao yalikuwa ya maswali. Itakuwaje ghorofa zikiwa saba badala ya sita? Kwa kuwa kila ghorofa imegeuzwa robo duara, ghorofa zikiwa witiri ncha mbili hazitakutana. Basi mnara mzima utabidi usokotwe kidogo kabla ya kuunganishwa. Je, msokoto huo utaharibu umbo au utalipa uhai? Swali hilo lilizaa *Hyperbolic Heptagon*. Na itakuwaje ukisokotwa zaidi? Na matundu yakipanuliwa? Na kingo zikinenepeshwa?

Kila swali la namna hii lingemgharimu Collins majuma ya kazi ili kulijibu kwa mbao. Ndiyo sababu Séquin alitunga programu aliyoiita *Sculpture Generator*. Ndani yake idadi ya ghorofa, kiasi cha msokoto, unene wa ukingo na upana wa tundu ni tarakimu tu, na kila moja yaweza kubadilishwa kwa mkono huku umbo likibadilika papo hapo katika kioo. Umbo likishachaguliwa, programu huchapa michoro ya ukubwa kamili, kila mchoro ukiwa ni mkato mmoja wa sanamu katika unene wa ubao wa takriban sentimita 2. Collins alizikata mbao kwa kufuata michoro hiyo, akazibandika kwa gundi moja juu ya nyingine, kisha akalisawazisha umbo zima kwa mkono mpaka likang'aa. Sanamu ya *Hyperbolic Hexagon II* ya mwaka 1996 ilizaliwa hivyo.

Tuitazame njia hii vizuri, kwani watu wengi huisimulia visivyo. Wapo wasemao kwamba kompyuta ilichonga. Si kweli, kompyuta haikugusa ubao. Wapo wasemao kwamba Collins aligeuzwa kibarua wa kutekeleza mchoro wa mtu mwingine. Hilo nalo si kweli. Programu yenyewe ilitungwa kutokana na sanamu zake. Kila tarakimu iliyomo inapima kitu ambacho mkono wa Collins ulikuwa umekwisha kukifanya. Programu hiyo ni kumbukumbu ya mkono wake iliyopewa uwezo wa kuuliza maswali. Na mchoro ulipomrudia, hatua ya mwisho, ile ya kuamua ni wapi ukingo uwe mkali na wapi uwe mviringo, ilibaki kuwa yake. Unayaona hayo katika kazi yenyewe. Mistari ya mbao zilizobandikwa huzunguka umbo kama alama za maji yaliyokupwa katika mwamba wa pwani, na jicho huifuata kupanda na kushuka. Mistari hiyo haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Imetokana na jinsi kazi ilivyofanyika, na imeachwa ionekane.

THELUJI

Mfano mwingine wa ushirikiano huu unafundisha zaidi kwa sababu haupo tena. Mwezi wa Januari 2003, katika mji wa Breckenridge, jimbo la Colorado, yalifanyika mashindano ya kuchonga theluji. Kila kikundi hupewa bonge la theluji iliyoshindiliwa, lenye urefu wa zaidi ya meta 3 na uzito upatao tani 20, na sharti ni kutumia zana za mkono tu. Kikundi kilichoongozwa na mwanahisabati Stan Wagon, ambamo Séquin na Collins walikuwamo, kilichonga umbo lililobuniwa kwa kompyuta, wakaliita *Whirled White Web*. Lilikuwa ni mtandao wa matandiko na matundu makubwa, mwepesi mno kwa theluji. Walipata nafasi ya pili. Muda si mrefu baada ya waamuzi kumaliza kazi yao, sanamu ilianguka.

Tunalisimulia tukio hili kwa sababu linaonyesha kitu ambacho kioo cha kompyuta hakiwezi kukionyesha. Katika kioo, kila umbo husimama. Hakuna uzito, hakuna jua, hakuna ufa. Tarakimu haikatai kitu. Theluji hukataa, mti hukataa, bronzi hukataa. Mchongaji aliyelelewa na mti anajua kukataliwa, na hekima yake nyingi imetoka huko: anajua nyuzi za mti zinaelekea wapi, fundo liko wapi, ni wapi patasi ikisukumwa pande litabanduka. Aliyelelewa na kioo peke yake hajakataliwa bado. Kwa maoni yetu, nguvu ya kazi za Collins na Séquin imetokana na hali hii, kwamba kila umbo lililoruhusiwa na kompyuta lilipelekwa mbele ya mahakama ya pili, nayo ni maada.

ALAMA YA CHOMBO

Helaman Ferguson ni mwanahisabati na mchongaji wa Kimarekani ambaye ameitumia mashine kwa namna mbili tofauti. Kwa kushirikiana na wataalamu wa taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, alitumia chombo kilichofungwa kwa nyuzi ambazo huipa kompyuta habari ya mahali ncha ya zana ilipo wakati wowote. Ferguson alishika zana kwa mkono wake na kulikata jiwe mwenyewe; kompyuta ilimwambia tu ni kiasi gani kimebaki kabla ya kulifikia umbo lililokusudiwa. Hapa mashine haikati. Ni kama mwenzi anayesimama kando na kamba ya kupimia, akisema, "Bado kidogo."

Namna ya pili inaonekana katika umbo lake maarufu liitwalo *Umbilic Torus*. Alilitoa kwanza kama sanamu ndogo ya bronzi mwaka 1988, na mwaka 2012 likasimamishwa kwa ukubwa wa kutisha katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, jimbo la New York, likiwa na kimo cha zaidi ya meta 8 na limeundwa kwa mabamba 144 ya bronzi yaliyosubiwa. Ili msomaji alione umbo hilo, na afikirie kata ya kubebea mtungi kichwani. Kata ya kawaida ukiikata huonyesha mviringo. Hii ukiikata huonyesha pembe tatu zilizochongoka. Tena pembe hizo zimesokotwa zinavyozunguka, kiasi kwamba ukiweka kidole juu ya ukingo na kuufuata, itakubidi uzunguke mara tatu kabla ya kurudi ulipoanzia. Kingo zinazoonekana tatu kumbe ni ukingo mmoja.

Lakini kinachotuvutia zaidi ni ngozi ya sanamu hiyo. Imejaa mfereji mmoja unaopindapinda na kurudi, ukiujaza uso wote bila ya kujikata. Mfereji huo ni mchoro wa kihisabati, na hapo hapo ni nakshi. Katika vinyago vilivyochongwa kwa tezo tunazipenda alama ndogo ndogo zilizoachwa na bapa, kwa kuwa zinatuambia mkono ulipita wapi. Mashine nyingi hutumiwa ili kuzifuta alama zote, na kitu kinachotoka huwa laini kama sabuni, wala hakisemi kimetengenezwaje. Ferguson amefanya kinyume. Ameifanya njia ya kuujaza uso kuwa pambo la uso wenyewe. Huo ni uaminifu wa kisanaa, nao wastahili sifa.

Hata hivyo tuna neno juu ya ukubwa wake. Sanamu ya mwaka 1988 mtu aliweza kuizunguka kwa mikono, na siri ya ukingo mmoja aliigundua kwa kidole. Ile ya Stony Brook inamlazimisha mtazamaji kusimama chini na kuamini. Katika kompyuta, kukuza umbo ni kubadilisha tarakimu moja. Katika maisha ya mtazamaji, ni kubadilisha kila kitu. Wepesi huo ni mtego, na hata mabwana wa fani hii hawajauepuka daima.

SWALI LA NAKALA

Bathsheba Grossman, naye wa Marekani, ameliendea jambo hili kwa upande wa soko. Alisoma hisabati kwanza, kisha uchongaji. Sanamu zake ni ndogo, nyingi zinatosha katika kiganja, nazo ni za ulinganifu mkubwa: ukizigeuza hivi au vile huonekana zile zile. Huzibuni katika kompyuta, na mashine huzitengeneza kwa unga wa chuma cha pua unaogandishwa kwa tabaka, kisha kuchomwa tanuruni na kunyweshwa bronzi iliyoyeyuka.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Grossman hakuweka mpaka wa idadi ya nakala. Wachongaji wa Ulaya waliosubu bronzi walizoea kutoa nakala chache na kuzipa namba, ili uhaba upandishe bei. Yeye aliuza kwa yeyote aliyetaka, kwa idadi yoyote. Wako waliomlaumu kwamba ameishusha sanaa kuwa bidhaa. Sisi tunauona uamuzi huo kuwa wa haki. Ikiwa umbo limo katika tarakimu, na kila nakala ni sawa na ya kwanza, basi kuizuia idadi ni kujenga uhaba wa uongo kwa faida ya matajiri wachache. Sanaa inayoweza kumfikia mwalimu na fundi bila ya kupungua haina sababu ya kufungiwa katika majumba yao.

Lakini haki hiyo ina gharama. Kitu kinachoweza kurudiwa bila ya kikomo lazima kistahili kurudiwa. Kinyago kibovu cha mkono ni kosa moja. Umbo bovu la tarakimu ni kosa elfu.

FANI, MAUDHUI NA KASORO

Wahakiki wetu wamezoea kuipima kazi ya sanaa kwa fani na maudhui, na wengi watauliza: maudhui ya pete iliyosokotwa ni yapi? Ni swali la haki. Baadhi ya wasanii hao wenyewe wameliogopa, wakajaribu kulijibu kwa majina makubwa. Collins aliuita utepe mmoja unaopanda na kushuka juu ya tufe *Pax Mundi*, yaani Amani ya Dunia. Utepe huo wa mwaka 1997 ni miongoni mwa kazi zake nzuri kuliko zote, na baadaye ulisubiwa kwa bronzi kwa ukubwa zaidi. Lakini amani haimo ndani yake. Ungeitwa Vita vya Dunia, usingebadilika hata kwa unywele. Jina limebandikwa juu ya umbo kama karatasi ya bei.

Je, basi kazi hizi ni tupu? La. Utenzi nao una mizani na vina, na hakuna anayesema kwamba mizani nane ni ujumbe. Lakini msikilizaji anapoisikia kanuni ikitimizwa ubeti baada ya ubeti, huku maneno yakimshangaza kila mara, hupata furaha ambayo nathari haimpi. Sanamu ya jiometri ni kanuni iliyoachwa peke yake, bila ya maneno. Maudhui yake ni mpangilio wenyewe, nao waweza kushikwa kwa mkono na kuthibitishwa kwa kidole. Si jambo dogo kumwonyesha mwanadamu kwamba vitu vitatu anavyoviona ni kimoja.

Kutokana na hayo twaweza kupendekeza kipimo. Sanamu ya jiometri ni njema pale mtazamaji anapoihisi kanuni kabla ya kuijua, na akishaijua bado akashangazwa na matokeo yake. Ni dhaifu pale anapoijua kanuni mara moja na hana sababu ya kuzunguka upande wa pili. Kwa kipimo hiki, kazi nyingi zinazotolewa kwa zana hizi ni dhaifu. Programu huweza kuzaa maumbo elfu kwa siku moja, na mtengenezaji ambaye hakuteseka kulipata umbo huona kila moja ni la ajabu. Anachapa tufe la kimia, kisha tufe la kimia lenye matundu zaidi, kisha jingine. Ulinganifu umekuwa nyenzo ya kuficha uvivu: jifunze theluthi ya umbo, umelimaliza lote. Collins na Séquin nao wanazo kazi ambazo ni mazoezi tu, tarakimu iliyosogezwa hatua moja mbele ya kazi iliyotangulia. Tofauti yao na wafuasi wao ni kwamba walijua ni lipi kati ya maumbo mengi lilistahili mti.

SOMO KWA UCHONGAJI WETU

Sasa turudi nyumbani. Wako wanaodhani kwamba sanaa ya kidhahania na ya kanuni ni ngeni kwetu. Hawajamtazama mama anayesuka ukili. Hana mchoro mbele yake. Ana hesabu kichwani, ni miyaa mingapi ipite juu na mingapi ipite chini, na hesabu hiyo ikibadilishwa kidogo nakshi nzima ya mkeka hubadilika. Huo ndio mwenendo wa programu ya Séquin, umefanywa kwa miyaa. Nchini Msumbiji mwanahisabati Paulus Gerdes, aliyefariki mwaka 2014, alitumia maisha yake kuonyesha jinsi hisabati ya kina inavyokaa katika ususi wa vikapu na mikeka. Na katika vinyago vya Wamakonde uko mtindo uitwao mawingu, ambamo mpingo hauwi mtu wala shetani, bali hupinda, hutoboka na kujikunja kama wingu linalopita. Mtu akiweka kinyago cha mawingu karibu na sanamu ya Collins ataona ndugu wawili waliolelewa mbali mbali: tundu lile lile linaloingiza mwanga, mkunjo ule ule unaopanda huku ukishuka.

Hatari iliyo mbele yetu si kwamba mashine zitakuja. Zimekwisha kuja. Katika karakana za samani mijini mashine zinazoongozwa na tarakimu hukata nakshi za milango na vitanda, na jijini Nairobi kampuni ya AB3D imeunda mashine za kuchapa kwa vipande vya vyombo vya elektroniki vilivyotupwa, jambo linaloonyesha kwamba zana hizi si lazima ziagizwe nzima kutoka ng'ambo. Hatari ni namna ya kuzitumia. Njia rahisi ni kukipiga picha kinyago kizuri cha mzee fulani, kuitia picha hiyo katika kompyuta, na kutoa nakala mia tano za kuwauzia watalii. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeichukua zana ya kuulizia maswali na kuifanya chombo cha kuwaibia wazee wetu. Mashine itakuwa imejibu swali ambalo mzee alikwisha kulijibu, tena bila ya kumlipa.

Njia ngumu ndiyo yenye heshima. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kukatwa. Kijana anayejifunza hana haki ya kupoteza mti wa umri huo kwa jaribio ambalo angeweza kulifanya katika kioo au katika plastiki. Ajaribu maumbo mia katika kompyuta, achape matano, na kwa lile moja lililosalia ndipo auendee mti. Lakini akifika kwenye mti, auache mti useme. Ikiwa ufa au fundo linakataa alichokipanga, ajue kulisikiliza, kama walivyojua waliomtangulia. Kwa maneno mengine, kompyuta na ikae upande wa kufikiri, na mti ukae upande wa kuamua.

Hayo hayatawezekana iwapo tutaendelea kuitenga hisabati na sanaa kama mahasimu. Mwanafunzi wa jiometri hajawahi kushika patasi. Mwanafunzi wa uchongaji huambiwa kwamba hesabu si yake. Collins na Séquin waliivunja kuta hiyo kwa simu tu. Sisi tunao wachongaji wa Mwenge na Mtwara, tunao walimu wa hisabati, na aghalabu wanakaa katika mji mmoja. Chuo kilichoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981 kimekwisha kuonyesha kwamba sanaa zaweza kufundishwa kwa utaratibu. Kinachotakiwa ni chumba kimoja ambamo mzee wa mawingu, msusi wa ukili na mwalimu wa jiometri watakaa mbele ya kioo kimoja na gogo moja, wakaulizana: itakuwaje zikiwa saba badala ya sita?

Mhakiki hawezi kusema chumba hicho kitatoa nini. Anachoweza kusema ni kwamba kisipokuwapo, mashine zitaendelea kukata usiku na mchana, na zitakata kile tu ambacho tayari tunacho.